INTANETI NA USHABIKI WA KANDANDA HUKU KWETU KWALE

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

UTANGULIZI

Katika toleo hili nimechagua kueleza jambo tunaloliona kila siku lakini hatulifikirii sana: namna mtandao wa intaneti unavyobadilisha ushabiki wa kandanda. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuna Jumatatu inayopita darasani bila ubishi wa mpira, hata mwalimu akiwa ameshika chaki. Ya pili, wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Intaneti ni mgeni aliyetujia. Je, mwenyeji amepona? Na mwenyeji ni nani? Mimi nasema mwenyeji ni mpira wetu wa hapa, ule unaochezwa Ukunda, Msambweni, Kinango, Lunga Lunga, na kwenye mchanga wa Diani maji yakipwa.

SHABIKI NI NANI?

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mtazamaji huangalia mchezo, ukiisha anakwenda zake. Shabiki ana timu yake. Timu ikifungwa halali, ikishinda hanyamazi. Kwa hivyo shabiki hawezi kuishi bila habari: nani anacheza, nani ameumia, nani amesajiliwa, mechi ijayo ni lini. Habari ndiyo chakula chake. Basi yeyote anayebadilisha njia ya kupata habari amebadilisha na ushabiki wenyewe. Tukishika hoja hii, mengine yote yatafuata.

ENZI ZA REDIO

Wazee wetu walifuata mpira kwa masikio. Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa jina ikawa KBC, ilikuwa na watangazaji walioweza kukufanya uuone mpira kwa maneno matupu. Aliyesifika sana ni Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa, aliyefariki Februari 2025. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniambia hivi: "Mjukuu wangu, sisi Gor Mahia tulikuwa hatuijui sura, tukiijua sauti."

Mzee huyo anaukumbuka sana mwaka 1987. Mwaka huo Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Esperance ya Tunisia. Walitoka sare ya 2-2 kule Tunis, kisha 1-1 Nairobi, Gor wakachukua kombe kwa sababu ya magoli ya ugenini. Anasema redio ilikuwa moja na wasikilizaji ni baraza zima, na betri zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu.

Hata mpira wa Pwani ulikuwa na heshima yake. Mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa ligi ya taifa. Fikirini, timu ya kutoka ng'ambo hiyo tu ya kivuko cha Likoni!

Redio ilikuwa na sifa tatu. Sauti ni moja kwa wote, wakati ni mmoja kwa wote, na msikilizaji hana nafasi ya kujibu. Ukitaka kubishana, ubishane na aliyekaa karibu nawe.

DISHI NA BANDA LA MPIRA

Baadaye likaja dishi. Mtu mwenye televisheni anaezeka banda kwa makuti au mabati, anapanga mabenchi, anaandika ratiba kwa chaki kwenye ubao nje, na kila anayeingia analipa. Hapo ndipo macho yalipohama. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza kwa mtindo wake wa sasa mwaka 1992, na biashara yake kubwa ikawa ni televisheni. Manchester United na Arsenal wakaonekana kila Jumamosi. Gor Mahia na Leopards hawakuonekana sana. Kituo cha SuperSport kilionyesha ligi ya Kenya kwa miaka kadhaa, lakini mwaka 2017 kikajitoa.

Nataka tulikumbuke jambo hili kwa sababu watu wengi huilaumu intaneti kwa kila kitu. Ukweli ni kwamba vijana wa Kwale walianza kuvaa jezi za Uingereza kabla hawajawa na simu za intaneti. Dishi ndilo lililofungua mlango. Intaneti imeukuta uko wazi.

INTANETI ILIVYOFIKA

Kabla ya 2009 intaneti ya nchi yetu ilitegemea setilaiti. Ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka 2009 nyaya mbili za chini ya bahari zilitua Mombasa: TEAMS, inayotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na SEACOM. Mwaka 2010 ikafuata EASSy. Ajabu ni kwamba nyaya hizi zimepita bahari ile ile waliyopita mabaharia wa majahazi wakisukumwa na upepo wa kaskazi. Ila hizi hazingoji upepo.

Baada ya hapo bei ilishuka, simu za kisasa zikaenea, na leo mvuvi wa Shimoni, mpanda mnazi wa Msambweni na mhudumu wa hoteli Diani wote wanaweza kujua matokeo ya mechi kwa wakati mmoja. Sasa tutazame mambo yaliyobadilika.

MAMBO YALIYOBADILIKA

(a) Mbali pamekuwa karibu

Tarehe 7 Novemba 2012 Victor Wanyama aliifungia Celtic goli dhidi ya Barcelona, akawa Mkenya wa kwanza kufunga katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Tarehe 24 Novemba 2019 Michael Olunga alifunga mabao 8 katika mechi moja kule Japani, Kashiwa Reysol wakiibwaga Kyoto Sanga 13-1. Enzi za redio habari kama hiyo ya Japani ingefika kwa mstari mmoja gazetini, tena baada ya siku mbili. Lakini mwaka 2019 mabao yote manane yalizunguka kwenye simu za Wakenya siku ile ile. Hiyo ni neema. Mtoto wa Kenya aking'ara popote, sisi huku tunamwona.

(b) Shabiki amepata mdomo

Redio ilisema, sisi tukasikiliza. Intaneti inasema, nasi tunajibu. Kule London mashabiki wa Arsenal walianzisha mwaka 2012 chaneli yao ya video, AFTV, ambapo shabiki wa kawaida anahojiwa baada ya mechi kama kwamba yeye ndiye kocha. Huku kwetu kuna vikundi vya WhatsApp vya kila timu. Mtu akiwa shambani Shimba Hills anarekodi sauti yake, anamlaumu beki, na dakika hiyo hiyo anajibiwa na aliyeko Doha. Ndugu zetu wengi wanafanya kazi Ghuba, na mpira ndio unaowakalisha baraza moja na sisi ingawa bahari iko katikati.

Pamoja na mdomo zimekuja tetesi. Mwandishi Mwitaliano Fabrizio Romano akiandika kwamba mchezaji fulani amekubali kuhama, wenzetu huamini kuliko tangazo la klabu. Lakini kwa kila mwandishi anayechunguza, wako wengi wanaobuni tu ili wasomwe.

(c) Simba na Yanga wamevuka mpaka

Hili linatuhusu sana sisi wa Kwale, kwa sababu tumepakana na Tanzania pale Lunga Lunga. Watu wa Vanga wana jamaa Tanga, na tangu zamani wamesikia habari za Yanga, iliyoundwa mwaka 1935, na Simba, iliyoundwa 1936. Lakini siku hizi hata mtu wa Matuga ambaye hajawahi kuvuka mpaka anajua kikosi cha Simba. Kwa nini? Kwanza, Wakenya wamecheza huko: Francis Kahata alihamia Simba kutoka Gor Mahia mwaka 2019, na Joash Onyango akamfuata 2020. Pili, timu hizo zimefika mbali. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023 na USM Alger, ikafungwa 2-1 nyumbani, ikashinda 1-0 ugenini, ikakosa kombe kwa magoli ya ugenini, kinyume cha bahati ya Gor mwaka 1987. Simba nayo ilifika fainali ya kombe hilo 2025, ikafungwa 2-0 na RS Berkane huko Morocco, kisha sare ya 1-1 Zanzibar.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa: Simba na Yanga hujitangaza wenyewe kila siku, kwa Kiswahili, kwenye simu zetu. Mazoezi yanarushwa, jezi mpya inarushwa, hata utani wa watani wa jadi unarushwa. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana nitalirudia.

(d) Tiketi ni simu

Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa mashindano ya CHAN 2024. Harambee Stars iliishinda Kongo 1-0, ikatoka sare na Angola 1-1, ikaishinda Morocco 1-0 na Zambia 1-0, kabla ya kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Baada ya vurugu za mashabiki uwanjani Kasarani, CAF ilipunguza idadi ya mashabiki hadi 27,000 na ikaamuru tiketi za kielektroniki pekee. Maana yake ni nini? Shabiki wa Ukunda aliweza kununua tiketi bila kufika Nairobi kwanza. Lakini yule asiyekuwa na simu ya aina hiyo hakuwa na njia ya kuingia, hata kama anakaa jirani ya uwanja.

(e) Wakati umevunjika

Mpira unaorushwa kwa intaneti huchelewa, mara nyingi nusu dakika au zaidi, kwa sababu picha hukatwa vipande vipande, hutumwa, kisha huunganishwa tena kwenye simu. Ndiyo maana unaweza kuwa unatazama simu, winga bado yuko katikati ya uwanja, na banda la jirani lenye dishi tayari limepasuka kwa kelele: "Goooli!" Raha imekwisha, bwana. Baraza la zamani lilishangilia pamoja. Sisi tunashangilia kwa zamu, kila mtu na kasi ya mtandao wake.

HASARA ZAKE

Kila chenye faida kina hasara, na hapa sitaficha.

Hasara ya kwanza ni kamari. Sheria ya Kenya inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Lakini simu haimtazami mtu usoni. Kijana anatumia laini ya kaka yake, mchezo umekwisha. Namjua mmoja wa rika letu, jina lake silitaji. Alipewa pesa za mtihani na mama yake, anayeuza samaki wa kukaanga. Akaziweka kwenye mechi tano za Jumamosi. Nne zikaingia. Ya tano goli la kusawazisha likafungwa dakika ya tisini. Jumatatu hakuja shule. Jumatatu ya pili hakuja. Sasa anaosha pikipiki Ukunda, na tukipita na sare zetu anainama kama kwamba hatuoni.

Hebu tupige hesabu, maana uwezekano ni somo la kidato chetu. Tuseme kila mechi una nafasi moja kati ya mbili ya kukisia sawa. Mechi tano zote kwa pamoja, nafasi yako ni moja kati ya 32. Ukikisia ovyo mechi 13, kila moja ikiwa na matokeo matatu (kushinda, kushindwa, sare), kuna njia 1,594,323 za kujaza karata hiyo, na iliyo sawa ni moja tu. Na mwenye kampuni anajua hesabu hii kuliko sisi.

Kamari pia imeugeuza ushabiki. Shabiki wa kweli hutaka timu yake ishinde. Mwenye karata hutaka karata yake ishinde, na siku nyingine utamkuta anaomba timu yake mwenyewe ifungwe. Huyo bado ni shabiki? Mimi naona sivyo.

Hasara ya pili ni matusi. Barazani ukimtukana mtu, babu yake yuko pale, utaona haya. Kwenye simu hakuna babu. Hasara ya tatu ni uongo. Picha ya zamani inarushwa kama ya leo, na sisi tunaipeleka mbele bila kuuliza.

NA TIMU ZETU JE?

Sasa nafika kwenye kiini cha makala haya. Jumapili alasiri ukienda uwanja wa Ukunda Showground, ambako timu kama SS Assad zimecheza, au ukienda kwenye kiwanja chochote cha kijiji huku Msambweni, utaona mpira mzuri sana. Vijana wanapiga chenga, wengine peku, na pembeni wako watoto, wauza maembe na wazee wachache. Vijana wengi wa rika letu hawapo. Wako wapi? Wako chini ya mwembe na simu, wanabishana juu ya Arsenal na Liverpool.

Lakini ngojeni, tusikimbilie kuwalaumu. Fanyeni jaribio hili nyumbani kwa simu ya mzazi. Tafuteni jina la kipa wa akiba wa timu yoyote ya daraja la pili Uingereza. Mtalipata, pamoja na urefu wake na tarehe yake ya kuzaliwa. Kisha mtafuteni kijana aliyefunga mabao matatu kijijini kwenu Jumapili iliyopita. Hamtampata. Si ati yeye ni mbaya. Hapana. Hakuna mtu aliyeandika.

Intaneti ni mfano wa ghala. Ghala halilimi, hutoa kilichowekwa ndani yake. Waingereza wameweka chao, Watanzania wameweka chao, nasi tunakwenda ghalani tukitafuta cha kwetu ambacho hatujakiweka. Ile siri ya Simba na Yanga niliyoomba muiweke akilini ni hii: mashabiki wao hawakungoja dishi la Ulaya liwaonyeshe. Waliandika wenyewe.

Na hii si sifa tu, ni maisha ya mtu. Kocha wa timu kubwa, kama Bandari ya Mombasa, iliyoshinda kombe la taifa mwaka 2015 na 2019, atamjuaje mchezaji wa Lunga Lunga? Zamani alimsikia kwa mdomo wa watu. Leo kocha huomba rekodi: umecheza mechi ngapi, umefunga ngapi, video iko wapi? Kijana asiyeandikwa hana ushahidi. Anaweza kuwa na miguu ya dhahabu, akazeeka nayo kijijini.

LUGHA YA MPIRA

Kama wanachama wa Chama cha Kiswahili, tuna deni jingine. Wenzetu wengi wakiandika juu ya mpira huchanganya Kiingereza kila baada ya neno, kisha husema Kiswahili hakina maneno. Hayo ni maneno ya mtu asiyetafuta. Mambo Mbotela alitangaza dakika tisini bila kukwama. Na sasa kurasa za mashabiki wa Tanzania zinazalisha maneno kila wiki. Mchezaji akicheza vizuri wanasema "anaupiga mwingi." Ni maneno ya mtaani, sikatai, lakini yana ladha, na kila anayeyasikia Kwale anayaelewa bila kamusi.

TUFANYE NINI?

Napendekeza mambo manne.

1. Chama chetu kiwe na daftari la mpira. Kila mechi ya shule yetu na ya vijiji tunavyotoka iandikwe: tarehe, kiwanja, timu, matokeo, waliofunga na dakika. Sisi ni wanafunzi wa kutwa, kila jioni tunarudi vijiji tofauti. Hiyo ni nguvu ambayo shule za bweni hazina.

2. Kutoka kwenye daftari hilo, mwanachama mmoja kila wiki aandike aya moja kwa Kiswahili sanifu. Mwalimu mlezi akiisahihisha, iwekwe ubaoni, na kwa idhini yake irushwe kwenye mtandao. Simu haziruhusiwi shuleni, hilo tuliheshimu. Kalamu zinaruhusiwa.

3. Kila mmoja wetu atazame mechi moja ya hapa kwa macho yake kila mwezi. Kiingilio mara nyingi ni bure.

4. Ukipata tetesi, jiulize mambo matatu kabla ya kuipeleka mbele: Nani amesema? Amejuaje? Imesemwa lini? Likikosekana jibu moja, inyamazie.

Na juu ya kamari sina pendekezo refu. Tuache.

HITIMISHO

Tumeona kwamba redio iliwapa wazee wetu sauti, dishi likawapa kaka zetu picha, na intaneti imetupa sisi vyote viwili pamoja na nafasi ya kujibu. Imetuonyesha Olunga Japani na imetuunganisha na ndugu zetu Ghuba. Imetuletea pia kamari hadi mfukoni. Je, mwenyeji amepona? Jibu langu ni: bado. Mgeni amekuja na dawa mkobani, lakini ni mwenyeji anayepaswa kuinyoosha mikono aipokee. Wenzangu, daftari liko tayari, kurasa zake bado nyeupe. Jumapili hii kuna mpira.

MSAMIATI

Kuotea: kukaa upande wa goli la mpinzani pasipo halali mpira unapopigwa.
Kiungo: mchezaji wa katikati anayeunganisha walinzi na washambuliaji.
Mlinda lango: kipa.
Mkwaju: shuti, hasa la penalti.
Mubashara: moja kwa moja, jambo likiendelea.
Tetesi: habari isiyo na hakika.
Watani wa jadi: timu mbili zilizoshindana tangu zamani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kuna tofauti gani kati ya shabiki na mtazamaji? Toa mfano wa kijijini kwenu.
2. Mwandishi anasema dishi ndilo lililofungua mlango. Unakubali? Toa sababu.
3. Karata ina mechi 4, kila moja ikiwa na matokeo matatu. Kuna njia ngapi za kuijaza?
4. Muulize mzee mmoja wa kwenu alivyofuata mpira zamani. Andika insha ya ukurasa mmoja.
5. Andika ripoti ya mechi moja ya hapa Kwale bila kutumia neno hata moja la Kiingereza.